Bahasha ya Bi Pembeni

Kuna watu ambao wakiingia mahali hata paka anaamka. Bi Pembeni hakuwa mmoja wao. Aliingia duka la dawa miaka thelathini na moja iliyopita akiwa mwosha chupa, na kabla mtu hajatanabahi kuwa amepita, tayari alikuwa nyuma ya dirisha la kutolea dawa, koti jeupe mwilini, cheti cha masomo ya jioni kimebandikwa ukutani. Hakumsukuma mtu wala hakupiga kelele. Alizunguka kwa ubavuni, taratibu, mpaka siku moja ikaonekana kuwa bila yeye duka haliendi.

Na sataranji aliicheza vivyo hivyo; jina lake lilitoka huko. Kila Jumamosi mchana wanachama wa klabu, kumi na wawili wakiwa wametimia, walikutana ghorofani kwenye maktaba, katika chumba cha magazeti ya zamani. Wengi wao walianza mchezo kama watu wenye adabu zao: unamsukuma askari wa katikati, mwenzako naye anamsukuma wake, mnatazamana uso kwa uso. Bi Pembeni hakutaka kutazamana na mtu. Alimsogeza askari wa pili kutoka ukingoni, hatua moja tu, kama mtu anayefungua pazia kidogo aone nje kuna nani. Kisha kwenye nafasi ile akamtia askofu wake, akae akiuchungulia ubao mzima kwa mshazari. Upande wa pili akafanya hivyohivyo. Katikati aliwaachia wenyewe. "Chukueni tu," alikuwa akisema. "Nyumba kubwa ina kazi kubwa ya kufagia."

Mchezo huu ulimtoa jasho hasa mwanachama mmoja aliyeitwa Fundi Lifti, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za maofisini. Mtu aliyepanda na kushuka maisha yake yote, utamtarajia aende pembeni? Yeye alijua njia moja, ile ya katikati, mbele moja kwa moja, na kila akishindwa alisema angeshinda kama si kubahatisha kwa mwenzake. Lakini alikuwa na moyo mweupe, na hakuna aliyemkumbuka akiondoka bila kumpa mkono aliyemfunga.

Maktaba ilifungwa saa kumi na mbili kamili jioni, upende usipende. Mkutubi, mama mwembamba mwenye kengele ndogo ya mkononi, hakujua dakika za nyongeza. Kwa hiyo klabu ilikuwa na desturi yake: mchezo usipoisha, yule ambaye ni zamu yake hachezi ubaoni, bali anaandika hatua yake kwenye karatasi, anaitia ndani ya bahasha na kuifunga, mpinzani anatia saini juu ya gundi, na mkutubi anaifungia kwenye droo yake mpaka Jumamosi inayofuata. Hivyo hakuna anayepata wiki nzima ya kufikiri huku mwenzake tayari ameshacheza. Na bahasha zenyewe, kwa sababu klabu haikuwa hata na senti ya kununulia kalamu, zilikuwa vibahasha vya dawa kutoka dukani kwa Bi Pembeni, vile vya kahawia, vilivyochapwa maneno *Kunywa … mara … kwa siku*. Utani haukukosekana. "Ngome moja, mara tatu kwa siku, baada ya chakula," Fundi Lifti alikuwa akisema kila anapotia saini.

Sasa, jambo lililomsumbua Bi Pembeni lilianza Jumatano moja, dirishani kwake, mchana kweupe.

Mzee mmoja alikuwa amepokea dawa yake, akapiga hatua mbili, akarudi. Alikinyoosha kile kibahasha mbali na macho yake, kama wafanyavyo watu wa umri ule.

"Samahani mama. Daktari ameniambia vidonge viwili mara tatu. Hapa naona vitatu mara mbili."

Bi Pembeni alikitazama. Ulikuwa mwandiko wake, hakuna ubishi, ile tatu yenye mkia. Akaomba radhi, akakata, akaandika upya. Mzee wa watu wala hakukasirika. "Si jumla ni sita tu, mama? Hata ningekunywa hivyo nisingekufa," akasema, akaenda zake.

Asingekufa, kweli. Lakini kesho angekuja mwingine, na dawa nyingine, ile ambayo kidonge kimoja zaidi si utani. Bi Pembeni aliketi kwenye kiti chake cha mbao, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja akautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Mama yake mzazi alianza kusahau akiwa na sitini na moja, alianza kwa kuchanganya majina ya watoto, akaishia kumwuliza Bi Pembeni, mwanawe wa kumzaa, "Wewe ni wa nani?" Hilo hakulisema kwa mtu. Jioni ile, mumewe akiwa bafuni, aliandika barua fupi ya kuomba kupumzika kazi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. Hakuitoa. Alitaka kwanza awe na hakika. Waswahili wanasema kuteleza si kuanguka, naye alijiambia hivyo siku tatu mfululizo.

Jumamosi ikafika, akapangiwa kucheza na Fundi Lifti. Akafungua pazia lake kama kawaida. Fundi Lifti naye akapanda katikati kama kawaida, na safari hii akampandisha askari wake mmoja juu mno, akavuka nusu ya ubao, akasimama karibu kabisa na kambi ya Bi Pembeni akitisha kila kitu kilicho mbele yake.

"Leo nimeleta mgeni nyumbani kwako," akatamba.

"Karibu yake," akajibu Bi Pembeni. "Ila umemwacha mama yake peke yake huko nyuma."

Maana huyo askari alipopanda, nyuma yake ulibaki uwazi. Mstari wa herufi D ulikuwa mtupu toka chini mpaka juu, na ngome ya Bi Pembeni ilikuwa imekaa mwanzoni mwake. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano aliliona: ngome ipande mstari ule hatua tano, iingie ndani kabisa ya nyumba ya Fundi Lifti, ikae nyuma ya mgeni wake, na kila kitu huko ndani kibaki bila mlinzi. Mkutubi akapiga kengele. Bi Pembeni akageuza karatasi, akaandika *Ngome D6*, akaitia kwenye kibahasha, akailamba gundi, akakifunga. Fundi Lifti akatia saini na utani wake uleule. Siku ile Bi Pembeni alirudi nyumbani anatembea kama msichana.

Jumapili asubuhi, baada ya chai, hamu ikamzidi. Alitaka kuuona mchezo tena, autafune polepole. Hapo nyumbani alikuwa na ubao wa karatasi, mkuukuu, usio na alama yoyote, lakini wiki hiyo bomba la jikoni lilikuwa limepasuka na ule ubao ulikuwa umelowa ukawa kama uji. Basi akainua macho ukutani, juu ya televisheni, mahali ulipotundikwa ubao wa mumewe.

Mumewe alikuwa seremala, siku hizi amestaafu lakini mikono haijui hivyo. Sataranji hakuijua hata kidogo. Miaka kumi na tisa iliyopita, mkewe alipoingia klabu, alikaa wiki tatu karakanani akamchongea ubao wa mbao za rangi mbili, ukingoni akachonga herufi chini na nambari ubavuni, akapiga vanishi mara nne. Ulikuwa mzuri kupita kiasi, na uzuri ndio ulioukosesha kazi. Nani aweke vikombe juu ya kitu kama kile? Ukatundikwa, wageni wakausifu, basi.

"Mume wangu, nauteremsha."

"Uteremshe!" Seremala alifurahi mpaka akaacha redio yake. "Nilidhani nitakufa hujauchezea. Lakini polepole na hicho kikombe. Zile nambari nilizichonga siku mbili nzima, na patasi haikuteleza hata mara moja."

Bi Pembeni akaulaza mezani, herufi zikiwa upande wake, nambari nane ikiwa kando ya kikombe chake cha chai. Kwa kuwa kete zilikuwa za maktaba, yeye alitumia vifuniko vya chupa za dawa: vyeupe vyake, vya buluu vya Fundi Lifti, vimeandikwa kwa kalamu. Mpangilio alikuwa ameuchora kwenye daftari, akaupanga kufuata mchoro. Halafu akachukua kifuniko cha ngome, akafuata mstari wa D mpaka kwenye nambari sita, akakiweka.

Kikatua hatua mbili tu kutoka nyumbani. Na si hivyo tu: kikatua mdomoni mwa yule askari mgeni, ambaye alikuwa hana haja hata ya kunyanyua kichwa. Ni kummeza tu.

Bi Pembeni aliondoa kidole. Akahesabu tena, herufi D, nambari sita. Ndiyo, palepale. Na mahali alipopakusudia, kule ndani kabisa, palikuwa na nambari gani? Akafuata kwa ukucha. Tatu. Alikusudia tatu, akaandika sita. Kichwa kilisema hivi, mkono ukaandika vile, kama Jumatano.

"Vipi, unashinda?" akauliza mumewe kutoka kwenye kiti chake.

"Nashinda," akasema. Chai ikapoa pale mezani bila kuguswa.

Sasa ukimwuliza mtu yeyote mwenye akili yake atakwambia: mama, tulia, tazama vizuri. Lakini hofu haitazami vizuri, hutazama ilikokwisha kuamua kutazama. Bi Pembeni alikuwa anatafuta kosa la mkono wake, akalipata, akaacha kutafuta. Na akajiwekea sharti: bahasha ikifunguliwa Jumamosi na ndani mna D6, Jumatatu barua itakuwa mezani kwa bosi wake. Labda, alijipa tumaini dogo, labda aliandika tatu kisha akakumbuka sita. Hilo angelivumilia. Kumbukumbu peke yake haimwui mgonjwa, mkono ndio unaompa dawa.

Wiki ile ilikuwa ndefu kama foleni ya dirishani kwake, na kwa kweli yeye ndiye aliyeirefusha. Kila kibahasha alikiandika, akakisoma, akavihesabu vidonge, akavimwaga, akavihesabu upya. Watu wakaanza kuguna. Kijana mmoja aliyekuja kuchukua dawa ya kikohozi alisema kwa sauti kwamba kikohozi chake kimeshapona akiwa kwenye mstari. Bosi wake, mfamasia ambaye umri wake ulitosha kuwa binti yake, alikuja akasimama kando.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa, mwanangu. Uzee tu."

"Uzee wa nani? Wewe ndiye tunayekutegemea hapa."

Alisema kwa nia njema, maskini, lakini neno lile lilimchoma Bi Pembeni kuliko tusi. Nyumbani nako aliweka sukari kwenye mboga, na mumewe akala yote, kisha akaomba maji ya kunywa mara tatu.

"Mke wangu, una nini wewe?"

"Nimechoka tu."

"Uchovu gani wa wiki nzima?"

"Wa miaka thelathini na moja," akasema, akaenda kuosha vyombo. Ubao alikuwa ameshaurudisha ukutani, na kila alipopita sebuleni hakuutazama.

Jumamosi akaenda maktaba kwa miguu, barua ikiwa mkobani. Fundi Lifti alikuwa ameshafika, amevaa shati lililopigwa pasi, anatoa macho kama mtu anayekwenda kutembelea wakwe.

"Wiki nzima sijalala," akasema. "Nimekuwa nikijiuliza, huyu mama ameandika nini? Hata lifti moja nimeifunga mlango vibaya kwa ajili yako."

"Subiri tu," akajibu Bi Pembeni. "Utafurahi."

Mkutubi akafungua droo, akatoa kibahasha, akawaonyesha saini haijaguswa. Ubao wa klabu ulikuwa tayari umepangwa. Akachana ukingo kwa rula, polepole mno kwa roho za watu, akatoa karatasi, akavaa miwani.

"Ngome," akasoma. "D. Sita."

Basi. Bi Pembeni alifumba macho. Aliyoyaona humo gizani hayakuwa sataranji kabisa. Aliliona dirisha lake la kazini, na mtu mwingine amekaa kwenye kile kiti cha mbao. Akasikia mkutubi akiinyanyua ngome na kuiteremsha. Akangoja kicheko cha Fundi Lifti.

Kicheko hakikuja. Kilichokuja kilikuwa mguno mrefu, kama wa lifti inayokwama kati ya ghorofa mbili.

"Ah, mama. Ah, ah, ah. Hapo umeniua."

Bi Pembeni akafumbua macho. Ngome yake ilikuwa imesimama ndani kabisa ya nyumba ya Fundi Lifti, hatua tano mbele, nyuma ya mgeni, palepale alipopataka.

"Umeisoma vizuri?" akamwuliza mkutubi. "Sita?"

"Sita. Mwandiko wako ni safi kuliko wa wote hapa. Soma mwenyewe."

Akasoma. Ilikuwa sita, imeandikwa vizuri, tumbo lake la duara. Akatazama ukingo wa ubao wa klabu. Moja ilikuwa karibu naye, upande wake, kama inavyokuwa siku zote kwa mwenye kete nyeupe. Mbili, tatu, nne, zikipanda kwenda kwa mwenzake, na nane iko huko kwa Fundi Lifti. Naye nyumbani, siku ile ya Jumapili, kikombe chake cha chai kilikuwa kando ya nane.

Kando ya nane! Nane ilikuwa upande wake!

Seremala aliyekuwa hajui sataranji alikuwa amechonga nambari kama mtu anayeandika daftari, moja juu kabisa, nane chini. Miaka kumi na tisa ubao umesimama kichwa chini miguu juu, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeuchezea.

Bi Pembeni akacheka. Alianza kwa kujizuia, kiganja mdomoni, kwa sababu ya maktaba, lakini kile kicheko kilikuwa kimefungiwa siku saba na hakikujua heshima. Mabega yakamtikisika, machozi yakatoka, akatafuta leso kwenye mkoba akaigusa ile barua, akacheka upya. Mkutubi akapiga kengele. Hilo halikusaidia.

"Jamani, ameniua na sasa ananicheka!" Fundi Lifti akalalamika kwa chumba kizima.

"Sikucheki wewe, kaka yangu. Wallahi sikucheki wewe."

"Basi unamcheka nani?"

"Mume wangu," akasema Bi Pembeni, akipangusa macho, na wanaume wote waliokuwamo humo wakaona heri warudi kwenye mbao zao.

Mchezo uliendelea kwa saa moja hivi. Fundi Lifti alipigana kiume, akamwokoa huyu akampoteza yule, mwishowe akamlaza mfalme wake ubavu, akatoa mkono. Alisema kama si ile bahasha angeshinda. Bi Pembeni akamwambia ni kweli kabisa, na siku ile angekubaliana na mtu yeyote kwa neno lolote. Pumzi zilikuwa zikimshuka mpaka miguuni. Alitamani kumkumbatia hata mkutubi na kengele yake.

Alimkuta mumewe nje ya mlango wa jikoni, anapigilia mguu wa kiti, misumari ikiwa imemjaa mdomoni.

"Njoo ndani mara moja," akamwambia. "Njoo unihesabie kitu."

Akauteremsha ubao, akauweka mezani. Seremala akatema misumari kiganjani, akainama.

"Zihesabu hizo nambari."

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Zote zipo. Kuna nini?"

"Umeanzia wapi?"

"Juu. Kwani mtu anaanza kuandika daftari kutoka chini?"

"Kwenye sataranji, moja iko kwangu mimi ninayekaa hapa. Nane iko kwa mwenzangu."

Seremala akautazama ubao. Akamtazama mkewe. Akaupitisha mkono juu ya zile nambari, taratibu, kama anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Kwa hiyo miaka yote hii ubao umetundikwa na kosa lake, na wageni wanausifu."

"Wageni hawachezi."

"Na wewe ulikuwa hujaliona?"

Hapo ndipo Bi Pembeni alipokaa, akatoa barua mkobani, akampa. Akamweleza yote kwa mara moja: mzee wa vidonge, mama yake mzazi, kile kifuniko kilichotua mdomoni mwa askari, sharti alilojiwekea. Seremala alisoma barua akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

"Ulitaka kuacha kazi kwa sababu ya ubao wangu?"

"Kwa sababu ya mkono wangu. Ubao haukunijia akilini."

"Lakini ungetazama tu, mke wangu! Nambari nane iko mbele ya pua yako. Wewe ndiye unayejua mchezo, mimi najua nini?"

"Najua. Nimelifikiria njiani kote." Akautazama ule mkono wake wa kulia, uliokuwa umetulia juu ya meza. "Nimekujua miaka thelathini na nne. Unapima mara mbili ndipo unakata. Nilipoona mimi nasema hivi na kazi yako inasema vile, sikujiuliza hata mara moja nani kakosea. Nilijua ni mimi."

Seremala akaiweka barua mezani. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, ingawa shati lenyewe lilikuwa na vumbi la mbao na miwani ilitoka chafu zaidi.

"Nilimchongea mkwe wetu kiti," akasema mwishowe, "kikaanguka naye mbele ya ukoo mzima. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulisema sakafu haikuwa sawa."

"Sakafu haikuwa sawa."

"Sakafu ilikuwa sawa, mama. Mguu mmoja niliukata mfupi." Akacheka. "Jipe na wewe huruma hiyo unayonipa mimi. Hata nusu yake inatosha."

 Bi Pembeni alikuwa analia tena, kidogo, bila shida yoyote, kama mtu anayetua ndoo ya maji baada ya mlima. Mumewe akaichukua ile barua, akatia misumari yake ndani, akaikunja pembe nne, akaitia mfukoni.

"Nikachukue patasi nizirekebishe?"

"Ole wako uziguse," akasema mkewe. "Uache hivyohivyo."

Jioni ile wakala mboga yenye chumvi.

Lakini kulikuwa na lile la Jumatano, na Bi Pembeni hakuwa mtu wa kujidanganya. Vitatu mara mbili aliandika yeye, kwenye kibahasha halisi, kwa mgonjwa halisi, na hapo hapakuwa na seremala wa kusingizia. Jumatatu asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa, akaenda kwa bosi wake akafunga mlango, akamwambia.

Yule mfamasia alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akashusha pumzi kubwa, akaegemea kabati la dawa.

"Mama, mimi mwezi huu nimekosea mara mbili. Moja niliidaka mlangoni, mgonjwa anatoka. Nilikuwa naogopa kukwambia."

"Kuniambia mimi? Si wewe ndiye bosi?"

"Ndiyo, lakini wewe hujawahi kukosea."

Wakatazamana, wakacheka kwa pamoja, kicheko cha watu wawili waliokuwa wamejificha nyuma ya mlango mmoja bila kujuana. Kisha Bi Pembeni, ambaye hakuwahi kupita katikati pakiwa na njia ya ubavuni, akasema hakuna haja ya kikao wala tangazo. Wavute meza mbili zikae pamoja tu. Anayeandika asijisomee mwenyewe; kibahasha kikipita, mwenzake akisome kwa sauti kabla hakijafika kwa mgonjwa. Ingechukua muda gani? Muda wa kusema maneno matatu.

Wakazivuta. Saa mbili kamili dirisha likafunguliwa, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa mama mmoja mwenye shingo iliyofungwa kitambaa, hana sauti kabisa. Bi Pembeni akaisoma karatasi ya daktari, akahesabu vidonge mara moja, si mara nne, akavitia, akaandika, akasogeza.

"Viwili mara tatu," akasoma bosi wake.

"Viwili mara tatu," akajibu Bi Pembeni, akampa mgonjwa dawa yake, akaita, "Anayefuata!"